Pua ya Bi Mkubwa

Mama Kidevu hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja, na alipolisikia mara ya kwanza alinuna siku mbili. Lakini angefanyaje? Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipiga picha za pasipoti katika chumba kilichobanwa kati ya duka la dawa na duka la misumari, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyekaa kwenye kigoda chake akaondoka bila kuambiwa, "Kidevu chini kidogo." Aliwaambia walimu, aliwaambia madereva, aliwaambia maharusi. Siku moja alimwambia hakimu, na hakimu akashusha kidevu kama mtoto wa shule. Basi jina likashika, naye akalizoea.

Chumba chenyewe hakikuwa na makuu. Shuka jeupe ukutani, taa mbili zenye miavuli, kigoda ambacho mguu wake mmoja ulitiliwa kipande cha kadibodi, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba, maana watu wana tabia ya kuondoka na vitana vya watu. Nyuma ya pazia palikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta kila mteja alikuwa na majalada mawili. Moja liliitwa Kabla, lenye picha kama ilivyotoka kwenye kamera. La pili liliitwa Baada. Kati ya Kabla na Baada palikuwa na kazi ya mkono wa Mama Kidevu: alifuta chunusi, alifuta jasho, alifuta makunyanzi mawili matatu ambayo hayakuombwa na mtu, alifuta na vile vidoa vyeupe ambavyo taa huviacha machoni. Hakumuuliza mtu kama anataka kufutwa. Alifuta tu, na watu walimpenda kwa hilo.

Alikuwa pia na ujanja wake mmoja ambao hakumfundisha yeyote ila binti yake. Mtu akikaa mbele ya kamera hujikaza. Shingo inakuwa ngumu, macho yanamtoka, anafanana na mtu aliyekamatwa na polisi. Mama Kidevu alimwacha ajikaze. Alibonyeza mara moja, mara mbili, kisha akashusha kamera kifuani, akashusha na pumzi, akasema, "Haya, tumemaliza." Mteja naye hushusha pumzi, mabega yanalegea, na uso wake wa kweli unatoka kuchungulia. Hapo ndipo alipobonyeza tena bila hata kuitazama kamera. Zile za kwanza aliziita picha za uongo. Ya mwisho ndiyo aliyoichapa.

"Mimi nileteeni uso wowote," alikuwa akisema. "Sijashindwa na uso." Ni majivuno, ndiyo, lakini hakuwa anatia chumvi.

Alhamisi moja mchana aliingia kaka yake, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kigoda kama mteja. Alikuwa amevaa sare ya msitu na mabuti yenye tope. Kwa miaka thelathini kaka huyu alikuwa mfuata nyayo: kila alfajiri aliingia msituni na wenzake kutafuta mahali sokwe walipolala, sokwe wakubwa wale ambao madume yao hugeuka meupe mgongoni, ili wageni wakifika saa nne wajue waende wapi. Wenzake walimwita Mzee Nyayo. Dadake alimwita Kaka tu, na alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Mdogo wangu," alisema, "nimeitwa mwongo."

"Na nani?"

"Na Mkuu."

Mkuu alikuwa mkuu mpya wa ofisi ya msitu, mtu wa makaratasi na rula. Katika ofisi yake kila sokwe wa familia iliyozoea watu alikuwa na kadi, na kwenye kadi kulikuwa na mchoro wa pua. Sokwe hawana alama za vidole zinazoonekana kwa mbali, lakini juu ya matundu ya pua wana mikunjo, na mikunjo hiyo haifanani kwa wawili. Sasa, katika familia hiyo kulikuwa na jike kongwe kuliko wote, ambaye wafuata nyayo walimwita Bi Mkubwa. Miezi minane alikuwa hajaonekana. Mkuu alipofika, akachukua kalamu nyekundu, akaipiga kadi yake mstari, akaihamishia kwenye sanduku la waliokufa.

"Na mimi wiki tatu zilizopita nimeandika kwenye ripoti kwamba nimemwona," Mzee Nyayo alisema. "Mzima. Siku iliyofuata wamekwenda wengine wawili, hawakumwona. Mkuu ananiambia, 'Mzee, ama unadanganya, ama macho yako yamekwisha.' Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nilete picha yenye pua. Nisipoleta, nahamishiwa getini."

"Getini kufanya nini?"

"Kuinua kizuizi gari likija. Na kukishusha likipita."

Alilisema kama mtu anayetaja jela. Mama Kidevu aliitazama ile mikono mikubwa iliyokuwa imetulia juu ya magoti, mikono iliyombeba mabegani alipokuwa na miaka mitano, akajaribu kuiona ikivuta kamba ya kizuizi kutwa nzima. Hasira ikampanda.

"Ofisi haina kamera?"

"Iliangukia mtoni. Na wageni hupiga migongo na majani."

"Kwa hiyo wanataka pua."

"Pua tu."

"Kaka," alisema Mama Kidevu, akiwa tayari anafungua kabati la lenzi, "kwa nini hukuja mapema? Pua ndiyo kazi yangu."

Hakupoteza muda. Aliazima lenzi ndefu kwa jirani anayepiga picha za harusi, akamwachia binti yake studio na maonyo kumi na mawili, akanunua mabuti ya mpira. Kwa kuwa mwanga wa kamera umekatazwa msituni, alikwenda duka la dawa hapo pembeni akaomba plasta, akaziba taa ya kamera kama anayefunga kidonda. Jumanne alfajiri alikuwa ofisini kwa Mkuu, amefunga kanga juu ya suruali, amesimama wima.

Mkuu alimsomea masharti. Msiwakaribie chini ya hatua ishirini. Barakoa usoni. Msiseme. Msiwakodolee macho, maana kwao ni kutafuta ugomvi. Dume akisimama, chuchumaa na utazame chini. Na mkishawafikia mna saa moja tu, isizidi hata dakika.

"Saa nzima?" alisema Mama Kidevu. "Mimi mteja mmoja namaliza kwa dakika nne."

Mkuu hakucheka. Alimtolea kadi iliyopigwa mstari mwekundu. Mama Kidevu aliitazama pua ile kwa muda: upande wa kushoto mkunjo uliovunjika katikati kama kijiti, upande wa kulia mikunjo miwili mifupi iliyosimama sambamba kama namba kumi na moja. Akairudisha.

"Chukua nakala," alisema Mkuu.

"Ya nini? Nimeshamwona."

Waliingia msituni watatu: Mzee Nyayo mbele, Mama Kidevu katikati, na askari mmoja mrefu mwenye bunduki nyuma, wa kuwafukuza nyati kwa mlio. Saa ya kwanza Mama Kidevu alitembea akimtazama kaka yake kwa fahari tupu. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona kazini. Mzee hakutembea kama mtu anayetafuta kitu. Alisimama, akageuza kichwa, akasikiliza. Alinyofoa shina la mmea uliotafunwa, akalinusa, akalilamba, akasema, "Jana jioni." Aliinama juu ya kinyesi, akakigusa kwa mgongo wa mkono, akasema, "Leo. Wametangulia nusu saa." Askari alipochelewa nyuma, Mzee bila kugeuka alimwambia, "Kijiwe kimeingia kwenye buti lako la kushoto, kitoe," na kweli kilikuwemo.

"Huyu ndiye wanataka akainue kizuizi," Mama Kidevu alijisemea, akazidi kukasirika.

Kisha wakafika mahali ambapo mti ulikuwa umeanguka. Tawi lake, nene kama paja, lilikatiza njia usawa wa uso, jua likiliangaza lote. Mzee Nyayo alitembea moja kwa moja akaligonga kwa paji la uso. Mlio wa pigo hilo ulimfanya Mama Kidevu afumbe macho.

"Huu haukuwepo wiki iliyopita," alisema Mzee, akijipangusa damu kidogo kwa kiganja.

"Haukuwepo, Mzee," alisema askari.

Mama Kidevu alijiambia kwamba mtu anaweza kuwa na mawazo.

Waliwafikia sokwe saa nne kasoro. Kwanza ilikuwa harufu, kama jasho na moshi wa kuni mbichi, kisha sauti ya mashina yanayovunjwa. Wakavaa barakoa, wakatambaa nyuma ya kichaka, na hapo mbele, kwenye uwazi mdogo, familia nzima ilikuwa mezani. Dume waliyemwita Mwenyekiti alikaa katikati amewapa mgongo, mgongo mweupe mpana kama mlango. Watoto wawili walikuwa wakiangushana. Majike manne walikuwa wakimenya mashina kwa utaratibu, na Mama Kidevu aliwapitia kwa lenzi mmoja mmoja, pua kwa pua, bila papara. Hakuna kijiti. Hakuna kumi na moja.

"Hayupo," alinong'ona.

"Yupo. Sikiliza."

Alisikiliza. Ndege, majani, matumbo ya Mwenyekiti. Kisha, kutoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, kulia, nyuma kabisa ya familia, kikohozi kikavu. Viwili, halafu kimya, halafu kimoja.

"Ndiye," alisema Mzee. "Siku hizi anatembea nyuma yao, hawezi mwendo. Hao wenzangu wanatafuta pale penye wengi."

Mama Kidevu aligeuza lenzi. Ilimchukua muda kumtoa kivulini. Alikuwa jike kongwe, amekondeana mabegani, nywele za kichwani zimegeuka rangi ya majivu, amekaa peke yake amejiegemeza kwenye gogo. Kichwa chake kilikuwa kimeinuka, akitazama matawini, na kwa namna hiyo matundu ya pua yalionekana lakini mikunjo haikuonekana. Na Mama Kidevu, miaka ishirini na sita ya mazoea, akafungua mdomo.

"Kidevu chini kidogo, mama," alisema, kwa sauti yake ileile ya studio, safi kabisa.

Mwenyekiti alisimama. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alisimama tu, akageuka, na ghafla uwazi ule ukawa mdogo. Askari alichuchumaa. Mzee Nyayo alimshika dadake shingoni akamkandamiza mpaka pua yake ikagusa matope, kisha akatoa mngurumo wa chini wa kooni, mrefu, wa upole, kama mtu anayesafisha koo mbele ya wakubwa. Akarudia. Akarudia tena. Baada ya muda ambao Mama Kidevu aliuona mrefu kuliko ndoa yake, Mwenyekiti alijibu kwa mngurumo uleule, akakaa, akaendelea na chakula chake.

"Hujabadilika," alinong'ona Mzee, na bega lake lilikuwa likitikisika kwa kicheko.

Lakini hasara ilikuwa imefika. Bi Mkubwa alikuwa amewageuzia mgongo. Mama Kidevu alipiga mgongo. Alingoja, akapiga sikio. Alingoja tena. Kila lenzi ilipoinuka, kile kichwa cha majivu kiligeukia upande mwingine, kana kwamba kilikuwa na ugomvi na kioo chenyewe. Askari alionyesha vidole: zimebaki dakika kumi na tano. Baadaye kumi. Mama Kidevu aliihisi ile kamba ya kizuizi mikononi mwa kaka yake. Hapo ndipo alipokumbuka yeye ni nani.

"Huyu amejikaza tu," alijiambia. "Ni mteja kama mteja."

Akainua kamera wazi wazi, akabonyeza mara mbili kumpiga Mwenyekiti, picha za uongo. Kisha akaishusha, akaiweka juu ya goti, jicho la lenzi likielekea kwenye gogo. Akalegeza mabega. Akashusha pumzi ndefu kupitia barakoa, akang'oa jani, akalitazama jani hilo kama kitu cha maana sana. Moyoni alisema: haya, tumemaliza.

Zilipita dakika tatu. Kwenye gogo palisikika kikohozi kimoja, na baada ya kikohozi, kwa pembe ya jicho lake, Mama Kidevu aliona kile kichwa kinageuka. Bi Mkubwa alishusha pumzi. Alishusha kidevu. Alimtazama huyu kiumbe mwenye kanga anayehangaika na jani moja, na uso wake wote ukatulia.

Kidole cha Mama Kidevu kilibonyeza mara saba. Yeye mwenyewe hakuinua macho kwenye jani.

Waliporudi nyuma hatua mia mbili na kuvua barakoa, Mama Kidevu aliigeuza kamera upande wake. Alizipitia picha kwenye kioo cha kamera. Ya nne ndiyo iliyokuwa yenyewe: kushoto kijiti kilichovunjika, kulia kumi na moja. Akapiga kelele ya furaha, askari akamnyamazisha, naye akamsukumia kaka yake kamera. "Tazama! Tazama mwenyewe, Kaka!"

Mzee Nyayo aliishika kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, uso wake umejaa tabasamu.

"Nzuri sana," alisema. "Pua imetoka vizuri."

Mama Kidevu alichungulia kupitia bega lake. Katika kumpa kamera, kidole chake kilikuwa kimerudisha picha nyuma. Kwenye kioo kizima, pamoja na nzi wawili, palikuwa na makalio ya Mwenyekiti.

Alitazama kioo. Alimtazama kaka yake. Kisha alichukua kamera kwa upole akaizima. "Eh," alisema. "Imetoka vizuri."

Njia nzima ya kurudi alitembea mbele ya Mzee, na kila palipokuwa na tawi alilishika na kusema kwa sauti, "Tawi hili nalo!" kama mtu anayelalamika.

Jioni ile, kabla hajafunga studio, alifungua kompyuta ili aichape pua. Badala yake mkono wake ulikwenda kwenye jalada la kaka yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimpiga picha ya kitambulisho cha kazi kila mwaka. Alifungua Baada, lile la mwaka huu: mwanamume mzuri, macho meusi maangavu. Akafungua Kabla. Katika mboni ya jicho la kulia palikuwa na doa jeupe, la maziwa. Kwenye la kushoto, doa dogo zaidi. Akafungua Kabla, lile la mwaka jana. Doa lilikuwepo, jembamba. Kwenye lile la mwaka juzi, kivuli tu.

Hayakuwa madoa ya taa. Alikuwa ameyafuta mwenyewe, miaka miwili mfululizo, kwa mkono wake, huku akipiga mluzi. Alikaa mbele ya kile kioo akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona katika kazi yake. Yeye, ambaye hajashindwa na uso.

Asubuhi Mzee Nyayo alikuja studio ili waende pamoja kwa Mkuu. Alikuwa amenyoa ndevu na kupiga pasi sare. Mama Kidevu alifunga mlango akamkalisha kwenye kigoda.

"Kaka, jana nilikuonyesha picha gani?"

"Ya Bi Mkubwa."

"Ilikuwa makalio ya Mwenyekiti."

"Na mimi nikasema pua imetoka vizuri," alisema Mzee.

"Ulisema hivyo."

Kicheko kilianzia kwa Mzee. Kilikuja polepole, kikampanda, kikamwambukiza dadake, wakacheka mpaka Mama Kidevu akashikilia mwavuli wa taa asianguke. Walicheka mpaka hawakujua tena kama ni kicheko. Kisha Mama Kidevu alimweleza yote: ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, tangu mwaka juzi. Na picha zilikuwa zikisema, naye amekuwa akizifuta.

"Nisamehe," alisema. "Mimi ndiye niliyepaswa kuona."

"Hata mimi nilikuwa nafuta," alisema Mzee Nyayo. "Kila asubuhi, kwa kitambaa. Nilidhani ni ukungu."

"Wanatibu, Kaka. Wanatoa, unaona tena."

"Nimesikia. Wanaingiza kisu kwenye jicho." Alisimama, akanyoosha sare. "Leo nipe pua tu, mdogo wangu. Acha nishinde kwanza. La macho nitamwambia Mkuu kwa wakati wangu."

"Wakati gani?"

"Wakati wangu."

Mama Kidevu alimpa bahasha yenye pua. Lakini alimjua kaka yake, na kwenye mkoba wake alitia bahasha ya pili.

Mkuu aliiweka picha kando ya kadi, akachukua kioo cha kukuzia, akahesabu mikunjo kwa ncha ya kalamu. Alihesabu mara mbili. Kisha alifungua sanduku la waliokufa, akairudisha kadi ya Bi Mkubwa mahali pake, akasimama. Ni mtu wa rula, lakini hakuwa mtu mbaya.

"Mzee, nimekukosea," alisema. "Nilikuambia macho yako yamekwisha. Kumbe yamewashinda vijana wote. Getini huendi. Tena nina kazi yako: kuanzia Jumatatu utaongoza wageni kwenye kundi la mbali, lile la juu ya mwamba. Njia ni nyembamba, nahitaji mtu anayeona."

Mama Kidevu aliijua njia ile kwa kusimuliwa. Upande mmoja ukuta wa jiwe, upande wa pili hakuna kitu. Alimtazama kaka yake. Mzee Nyayo alikuwa amekaa wima, kidevu juu, uso umekazwa, uso wa picha ya uongo. Alikuwa ameshinda. Alilitaka neno lile wiki zote hizo, na sasa lilikuwa limesemwa mbele ya shahidi. Alikuwa anakaribia kusema asante.

Mkono wa Mama Kidevu uliingia kwenye mkoba. Hakuitoa bahasha. Aliigusa tu, karatasi ikalia kidogo sana chini ya kidole chake, na Mkuu hakusikia.

Mzee Nyayo alisikia. Kichwa chake kiligeuka kidogo upande wake, vilevile kilivyogeuka msituni, kikakaa hapo. Kisha mabega yake yakalegea, kidevu kikashuka.

"Mkuu," alisema, "kuna picha nyingine. Dada, mpe."

Mkuu alizitazama zile Kabla tatu kwa muda mrefu. "Sasa Bi Mkubwa ulimwonaje?" aliuliza hatimaye.

"Sikumwona. Nilimsikia anakohoa. Kwenye ripoti niliandika uongo, naomba niirekebishe."

"Ungeweza kuua watu, Mzee. Na wewe mwenyewe ukiwemo."

"Najua."

Mkuu aliitazama picha ya pua, akayatazama macho yale meupe, akakuna kichwa kwa rula yake. "Na hao wengine wenye macho mazima walipita hapohapo wasimpate," alisema, zaidi kwa nafsi yake. Akamwandikia Mzee barua ya hospitali papo hapo. Na mpaka tarehe ya hospitali ilipofika, kila asubuhi wafuata nyayo wote walikaa nyuma ya ofisi wamefungwa vitambaa machoni, huku Mzee Nyayo akizunguka akivunja vijiti na kuwauliza ni kijiti gani, kimevunjwa upande gani, na kwa nini wamezaliwa na masikio kama hawayatumii.

Wiki mbili baada ya bandeji ya jicho la pili kutolewa, alikuja studio kwa ajili ya kitambulisho kipya. Aliingia akitazama kila kitu kana kwamba amehamia mjini jana. Alilicheka shuka lililokuwa na doa la chai, alimwambia mpwa wake amekuwa mkubwa, aliona kipande cha kadibodi chini ya kigoda na kuuliza ni lini watanunua kingine. Kisha alisimama mbele ya ukuta. Pale, kwenye fremu, kati ya hakimu na bibi harusi mmoja, palikuwa na Bi Mkubwa, kidevu chini, na kijiti chake na kumi na moja yake.

Mzee Nyayo alimtazama. Ilikuwa miaka miwili hajamwona.

"Amezeeka," alisema.

"Na wewe pia," alisema Mama Kidevu. "Haya, kaa."

Alikaa. Dadake alimpiga moja ya uongo, akampiga ya pili, akashusha kamera na pumzi, akasema tumemaliza. Kaka yake, ambaye alikuwa ameujua ujanja huo siku nyingi kwa kuusikia tu, aliitazama lenzi ile kifuani pake akatabasamu. Mama Kidevu akabonyeza. Mikunjo yote ilitoka, na kovu la tawi kwenye paji la uso. Akaichapa hivyohivyo, kutoka kwenye Kabla.